Mvua Isiyoandikwa Husahauliwa

Mtoto wa Karatu akimwuliza babu yake, "Babu, mvua ya mwaka huu ni kubwa kuliko ya zamani, au ni ndogo?" babu hujibu upesi, "Mjukuu wangu, mvua ilikuwa ya zamani. Hii ya sasa ni umande tu." Mtoto akivuka njia na kumwuliza mzee wa pili, rika moja na yule wa kwanza, huenda akaambiwa, "Zamani ipi? Sisi tulikula mizizi kwa ajili ya jua." Wazee hawa wawili si waongo. Kila mmoja asema kama akumbukavyo. Lakini kumbukumbu ya mwanadamu hushika zaidi penye furaha kubwa na penye msiba mkubwa. Aliyeoa katika mwaka wa mavuno hukumbuka mvua; aliyepoteza ng'ombe zake hukumbuka jua; na miaka ya katikati, ambayo ndiyo mingi, hupotea kama nyayo mchangani. Basi mtoto hurudi nyumbani na majibu mawili, wala hana njia ya kuchagua.

Njia ipo, wala si ngumu. Ni kupima mvua kila siku, na kuandika. Katika habari hizi nataka kuwaeleza ninyi wazazi na walimu, mnaoulizwa na watoto, jinsi wanadamu walivyojifunza kupima hewa, jinsi kazi hiyo ilivyofika katika nchi yetu, na kwa nini watu wakaao Karatu na Ngorongoro wana haja ya vipimo kuliko watu wa nchi tambarare.

Mlima hugawa mvua

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Mtu asimamaye Karatu yu juu ya usawa wa bahari kadiri ya meta 1,500. Akishuka upande wa mashariki mpaka Mto wa Mbu, hufika karibu na Ziwa Manyara, penye meta 960 hivi. Akishuka kusini-magharibi kwa njia ya Mang'ola, hufika Ziwa Eyasi, penye meta 1,030 hivi. Bali akipanda kaskazini-magharibi, akapita lango la Lodoare na kuingia msituni, hufika ukingo wa Ngorongoro, penye meta 2,300 hivi. Na chini ya miguu yake aona shimo kubwa, lenye kina cha meta 600 na upana wa kilometa za mraba 260. Zamani sana, miaka zaidi ya milioni mbili iliyopita, shimo hilo lilikuwa mlima wa moto, kisha kilele chake kikaporomoka ndani.

Pepo ziletazo mvua kwetu hutoka Bahari ya Hindi, nazo hubeba unyevu usioonekana kwa macho. Zinapokutana na milima hii hulazimika kupanda; zikipanda hupoa; na zikipoa, unyevu ule hugeuka matone, kama mvuke wa chungu unavyogeuka maji ukigusa kifuniko cha baridi. Ndiyo sababu upande wa mashariki wa milima una msitu mzito na ukungu wa asubuhi, na mvua ya mwaka mahali pengine hupita milimita 1,000. Lakini pepo zikiisha kuvuka milima zimekwisha kuacha mzigo wao. Upande wa pili, huko Oldupai na mbuga za magharibi, nchi ni kavu, na mahali pengine mvua ya mwaka haifiki milimita 500. Watu wa pande hizi mbili waona milima ile ile, nao waishi chini ya mbingu mbili.

Katika Injili ya Luka twasoma kwamba watu wa Palestina walipoona wingu likizuka upande wa magharibi walijua ya kuwa mvua yaja. Watoto wetu wasomapo maneno hayo hushangaa, maana kwao upepo wa mvua hutoka mashariki. Si ajabu hata kidogo. Bahari ya Palestina iko magharibi, na bahari yetu iko mashariki. Hapo mtoto hujifunza jambo la kwanza: dalili za hewa ni za mahali pake, wala haziazimwi.

Joto nalo hufuata mlima. Kwa kila meta 1,000 mtu apandazo, hewa hupungua joto kadiri ya nyuzi 6. Kwa hiyo saa ile ile mkulima wa vitunguu anapofuta jasho karibu na Ziwa Eyasi, mchungaji wa ukingoni aweza kuwa amejifunika blanketi, kwa kuwa kati yao pana tofauti ya nyuzi 8 hivi. Nao waishi mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu.

Maarifa ya wazee

Mtu asidhani kwamba kabla ya kuja kwa vyombo wazee wetu walikuwa hawajui lolote. Walijua mengi. Wamasai wa milima hii waliitazama sana ile jamii ndogo ya nyota ambayo Waswahili huiita kilimia. Nyota hizo zikitoweka machoni, wao walijua ya kuwa mvua kubwa zimekwisha. Watu wa pwani nao wana methali: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na jina lenyewe latokana na neno kulima, maana nyota zile zilikuwa kalenda ya jembe. Wairaqw, ambao zamani wengi waliwaita Wambulu, walikuwa na wataalamu wao waliotegemewa katika mambo ya mvua, na watu waliwapelekea shida zao wakati wa jua kali.

Maarifa hayo yalimwambia mkulima wakati wa kutayarisha shamba. Lakini yalikuwa na upungufu mmoja: yalisema lini, wala hayakusema kiasi gani. Nyota haziwezi kutuambia kama mvua ya mwaka huu imepungua robo au nusu. Na mtu asiyejua kiasi hawezi kulinganisha mwaka na mwaka, wala kijiji na kijiji, isipokuwa kwa kubishana.

Jinsi watu walivyoanza kupima

Kipimo cha mvua kilichoenezwa kwa amri ya serikali katika nchi nzima kilionekana Korea, katika enzi ya mfalme Sejong, mwaka 1441. Hakikuwa chombo cha ajabu. Kilikuwa kopo la chuma lenye umbo la mviringo na kuta zilizonyoka. Mwaka uliofuata vipimo vya ukubwa mmoja vilipelekwa majimboni, na watumishi wa mfalme wakaagizwa kupima kina cha maji baada ya kila mvua na kupeleka habari. Sababu ilikuwa chakula. Mfalme alitaka kujua mavuno yatakuwaje kabla njaa haijabisha hodi.

Upande wa Ulaya, mwaka 1643, Mwitalia jina lake Evangelista Torricelli alijaza zebaki katika bomba la kioo, akalipindua ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ikashuka kidogo, kisha ikasimama, kimo cha milimita 760 hivi juu ya bakuli. Ni nini kilichoizuia isimwagike yote? Ni hewa ya nje, yenye uzito, iliyokuwa ikiikandamiza zebaki ya bakuli. Hivyo kikazaliwa chombo kiitwacho barometa.

Miaka mitano baadaye, Mfaransa Blaise Pascal alifikiri hivi: ikiwa hewa ina uzito, basi mtu akipanda mlima ameiacha hewa nyingine chini yake, na zebaki hapana budi itashuka. Mwenyewe hakuweza kwenda. Akamwomba shemeji yake, Florin Périer. Tarehe 19 Septemba, 1648, Périer alipanda mlima Puy de Dôme pamoja na rafiki zake na barometa moja. Barometa ya pili aliiacha chini katika bustani ya nyumba ya watawa, na mtawa mmoja akaombwa aitazame mchana kutwa. Juu ya mlima zebaki ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya milimita 80. Waliporudi walimwuliza mtawa: je, ya kwako imebadilika? Akajibu kwamba haikubadilika.

Msomaji, fikiri juu ya mtawa yule. Sifa zote alipewa aliyepanda na aliyemtuma. Lakini kama hapangekuwa na mtu aliyekaa mahali pamoja, akitazama chombo kilicho kile kile bila kuchoka, nani angejua kama zebaki ilishuka kwa sababu ya mlima au kwa sababu hewa ya siku ile ilibadilika? Kazi ya kupima hewa, tangu siku ile hata leo, imesimama juu ya watu wa namna hiyo, wakaao mahali pao na kusoma.

Mambo aliyoyaona Périer yako hapa kwetu pia. Mtu akitoka Karatu na barometa ya zebaki mpaka ukingo wa Ngorongoro, zebaki itashuka kadiri ya milimita 60. Wapishi wa ukingoni wajua habari hii kwa njia ya chungu: maharage yao hukawia kuiva. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini ukingoni hewa ni nyepesi, nayo huchemka kwa nyuzi 92 hivi. Na kuni hata ziongezwe, joto la maji halipandi zaidi. Wasafiri wa karne ya 19 walitumia siri hiyo. Walichemsha maji mlimani, wakatia kipimajoto, na kwa namba waliyoisoma walijua kimo cha mahali waliposimama.

Vipimajoto navyo vilitengenezwa polepole. Mwaka 1714 Fahrenheit alitengeneza kipimajoto chema cha zebaki, na mwaka 1742 Msweden Anders Celsius akaigawa nafasi iliyopo kati ya maji yagandayo na maji yachemkayo katika nyuzi 100. Lakini kipimajoto kikiwekwa juani hupima ukali wa jua juu ya kioo chake, wala hakipimi hewa. Kwa hiyo mwaka 1864 mhandisi wa Scotland, Thomas Stevenson, alitoa mfano wa sanduku jeupe la mbao, lenye miguu, na kuta za vibao vilivyoinamishwa ili upepo upite na jua lisiingie. Mtoto akiona leo sanduku jeupe namna hiyo ndani ya uzio wa kituo cha hewa, na ajue kwamba si mzinga wa nyuki.

Hata hapo kila msomaji wa chombo alijua habari za kwao tu. Mwaka 1859 meli Royal Charter ilivunjika kwa dhoruba katika pwani ya Wales, na watu zaidi ya 400 wakafa. Ndipo Robert FitzRoy wa Uingereza alipowaunganisha wasomaji wa vyombo kwa simu ya waya. Habari za pwani nyingi zilimfikia asubuhi ile ile, na tangu mwaka 1861 aliweza kuzionya bandari kabla dhoruba haijafika. Hivyo utabiri wa hewa haukutoka katika ndoto. Ulitoka katika namba za watu wengi zilizokusanywa mahali pamoja.

Vipimo vyafika kwetu

Tarehe 18 Machi, 1892, msafiri wa Austria, Oscar Baumann, alifika ukingo wa Ngorongoro. Yeye ndiye Mzungu wa kwanza ajulikanaye kuliona shimo lile. Lakini ndani yake alikutana na msiba. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Wamasai. Njaa ikafuata, na ndui nayo haikuwa mbali. Baumann aliwakuta watu waliokonda wakiomba chakula. Wamasai wana jina la miaka ile, Emutai, maana yake maangamizi.

Twajua mengi juu ya msiba ule kwa kuwa wazee walisimulia na wasafiri wakaandika. Lakini mvua ya miaka ile ilikuwa milimita ngapi? Ilipungua kwa kiasi gani, na kwa miezi mingapi? Hapakuwa na kipimo hata kimoja katika milima ile, na maji ya mvua yakiisha kuzama ardhini hayarudi kuhesabiwa. Hesabu hiyo imepotea milele.

Katika siku za utawala wa Wadachi kazi ya kusoma vyombo iliwaangukia watu wa boma, wamisheni, na wenye mashamba. Mwanajiografia Fritz Jaeger alizunguka milima hii miaka ya 1906 na 1907, akaandika kwa urefu habari za nchi ya mashimo makubwa. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza walishika nchi, na mwaka 1929 iliundwa idara moja ya hewa kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, makao yake Nairobi. Mkuu wake, Albert Walter, alikuwa ametoka kisiwa cha Mauritius, ambako alikuwa amechunguza jinsi mvua inavyohusiana na mavuno ya miwa. Mwaka 1932 njia ya ndege kutoka Uingereza mpaka Cape Town ilipofunguliwa, haja ya habari za mawingu na pepo iliongezeka, kwa maana rubani hawezi kungoja mpaka amekwisha ingia wingu ndipo aulize.

Vituo vikubwa vilikuwa vichache. Vipimo vya mvua vilienea zaidi, katika maboma, misheni, shule na mashamba, na wengi wa wasomaji wake walifanya kazi hiyo juu ya kazi zao nyingine. Karani, mwalimu au msimamizi wa shamba alitoka saa tatu asubuhi, akamimina maji katika bilauri ya kupimia, akaandika. Siku zile walipima kwa inchi, nayo inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo mtu akikuta daftari la kale na kuona mvua ya "40", na aulize kwanza kipimo chake kabla ya kusema ilikuwa kiangazi.

Faida ya kazi ile ilionekana katika miaka ya 1961 na 1962. Mwaka 1961 ulianza na ukame mkali. Kisha, mwishoni mwake, zikaja mvua kubwa zisizokuwa za kawaida katika Afrika ya Mashariki nzima, hata maji ya Ziwa Victoria yakapanda zaidi ya meta 2 katika miaka iliyofuata. Ndani ya shimo la Ngorongoro mvua zile zilizalisha nzi wengi mno wafyonzao damu, wafananao na nzi wa nyumbani. Nzi hao waliwashambulia simba mpaka wakajaa vidonda, wakashindwa kuwinda. Wengi wakafa, na katika shimo zima wakabaki kumi hivi. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa Ngorongoro wakati huo, aliyaandika mambo hayo mwaka 1963. Linganisheni misiba hii miwili. Ule wa mwaka 1892 twausimulia. Huu wa mwaka 1962 twaweza kuueleza, ukame kwanza, mvua baadaye, nzi wakafuata, kwa sababu palikuwa na watu waliopima na kuandika.

Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilijiundia idara yake ya hewa mwaka 1978. Mwaka 1999 ukaanzishwa Wakala wa Hali ya Hewa, ambao kwa sheria ya mwaka 2019 umekuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Leo kuna vyombo vinavyojisoma vyenyewe, na mitambo izungukayo juu angani ikitazama mawingu. Lakini mtambo wa angani huona wingu kwa juu. Ili ijulikane maji yaliyofika shambani, hesabu zake hulinganishwa na vipimo vya chini. Yule mtawa wa bustanini bado atafutwa.

Kopo la mtoto

Basi mtoto afanyeje? Atafute kopo lenye kuta zilizonyoka, mdomo na tako viwe na upana mmoja. Aliweke mahali peupe, mbali na nyumba na miti. Mti wenye kimo cha meta 5 usiwe karibu kuliko meta 10. Mdomo wa kopo uwe juu ya ardhi kadiri ya sentimeta 30, ili matone yarukayo kutoka chini yasiingie, nalo lifungwe kwa vijiti vitatu upepo usiliangushe. Kila siku saa tatu asubuhi atie rula, asome kina cha maji kwa milimita, aandike, kisha amwage.

Watoto huuliza, "Mwalimu, kopo langu ni pana kuliko la mwenzangu, je, halitapata mvua nyingi zaidi?" Swali hili ni jema. Kopo pana hupokea matone mengi, lakini maji yake hutandazwa mahali papana. Kopo jembamba hupokea machache, lakini maji yake husimama mahali padogo. Kina ni kile kile. Ndiyo sababu mvua hupimwa kwa kina, wala haipimwi kwa vikombe.

Na milimita moja si kitu kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Nyumba yenye bati la meta 10 kwa 6 ina meta za mraba 60. Mvua ya milimita 20 ikinyesha usiku mmoja, juu ya bati hilo zimeshuka lita 1,200, yaani madebe 60 ya lita 20. Mtoto aliyekwisha fanya hesabu hii atawatazama mama na dada zake wakienda kisimani, na ataanza kuuliza habari za mfereji na pipa.

Yako makosa matatu ya kuepuka. La kwanza ni kuacha kuandika siku zisizo na mvua. Siku kavu nayo ina habari yake, iandikwe 0. La pili ni kusahau siku za mapumziko. Mvua haijui Jumapili wala likizo, kwa hiyo watoto wapeane zamu. La tatu ndilo baya kuliko yote: mtoto aliyesahau jana akabuni namba ili daftari lipendeze. Namba ya kubuni ni mbaya kuliko nafasi tupu. Nafasi tupu husema, "Hapa hatujui." Namba ya kubuni husema uongo, na baada ya miaka hapana mtu awezaye kuitambua kati ya zile za kweli. Aandike tu, "Haikusomwa."

Kwa nini kila kijiji

Pengine mtu atasema, "Serikali ina vituo vyake; makopo ya watoto ya nini?" Namjibu kwa habari ya jirani zetu. Tarehe 3 Desemba, mwaka 2023, baada ya mvua kubwa, udongo wa mlima Hanang ulilegea. Matope, mawe na miti yakaushukia mji wa Katesh na vijiji vya karibu, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mamlaka ilikuwa imetangaza mapema kwamba vuli ile ingekuwa na mvua kupita wastani, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini tangazo la nchi au la mkoa haliwezi kutaja kila bonde na kila mteremko. Sisemi kwamba kopo lingeuzuia mlima. Nasema kwamba watu wakaao chini ya mlima yafaa wajue ni mvua kiasi gani imenyesha juu yao tangu jana na juzi, na kiasi hicho ni cha kawaida au kimepita kawaida. Na kawaida haijulikani bila daftari.

Katika nchi yetu mlima hugawa mvua kama tulivyoona. Kipimo cha ukingoni hakisemi habari za Mang'ola, na cha Mang'ola hakisemi habari za Oldupai. Anayelima kahawa chini ya mlima Oldeani na anayechunga mbuzi karibu na Eyasi hawawezi kutumia daftari moja. Chemchemi nyingi za Karatu nazo hulishwa na msitu wa juu. Mvua ya msituni ikipungua mwaka huu, huenda mtu wa kijijini akaiona tofauti kisimani baada ya miezi. Atakayekuwa na daftari atajua upungufu ulianzia wapi. Asiye nalo atamlaumu jirani wa juu kwamba ameiba maji.

Wataalamu wa dunia wamepatana kwamba wastani wa hali ya hewa ya mahali huhesabiwa kwa miaka 30. Hewa ya siku moja ni habari tu. Hewa ya miaka 30 ndiyo tabia ya nchi. Mtoto wa miaka 10 akianza leo, atakuwa na miaka 40 daftari lake litakapokuwa limetimia, naye bado ana nguvu za kulima. Na akiwarithisha wanawe kazi hiyo, watakuwa na kitu ambacho babu zetu, pamoja na hekima yao yote, hawakuweza kutuachia.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, wekeni kopo moja penye uwanja wa shule kabla ya vuli kuanza. Wazazi, msilichukue kopo hilo kwa kuchotea unga. Na ninyi watoto, amkeni mkasome, hata kama ni 0 siku arobaini mfululizo. Maana siku itakuja ambapo mjukuu atawauliza, "Babu, mvua ya zamani ilikuwaje?" nanyi hamtakuwa na haja ya kubishana na jirani. Mtasema, "Ngoja, mjukuu wangu, nilete daftari."